Risala ya Klabu ya Upigaji Picha kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Picha za Makanisa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni, na karibuni sana. Picha zilizo ukutani leo hatukuzipiga sisi. Ni nakala za kazi za Frederick H. Evans, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1853. Alikuwa muuza vitabu London hadi mwaka 1898, alipoiacha biashara akashika kamera moja kwa moja. Makanisa makuu ya Lincoln na Ely alikuwa ameshaanza kuyapiga hata kabla ya hapo.

Mheshimiwa, enzi hizo wapiga picha wengi waliotaka kazi zao zihesabiwe sanaa walizichezea: walipitisha brashi, wakakwangua, mpaka picha ikafanana na mchoro. Evans hakutaka hayo. Alisafisha picha kama ilivyotoka kwenye kioo cha negativu kilichokuwa ndani ya kamera, juu ya karatasi yenye madini ya platini, ambayo kati ya weusi na weupe wake kuna kijivu cha kila namna. Jasho lake lilitoka kabla ya kufungua lenzi. Alishinda kanisani akitazama jua linavyozihama nguzo, na aliomba viti viondolewe ili sakafu ionekane.

Tunakuomba, ukipita, usimame mbele ya ile picha ya Kanisa Kuu la Wells, Uingereza, ya mwaka 1903, aliyoiita Bahari ya Ngazi. Ngazi za mawe zimelika kwa nyayo, zinapanda kama mawimbi. Mwenzetu wa kidato cha kwanza aliuliza maji yako wapi. Tulicheka, kisha tukarudi kuitazama upya.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoifanya platini iwe ghali na adimu, Evans aliiweka kamera chini.

Sisi kamera tunazo mbili, ila stendi hatuna hata moja, na ndani ya kanisa lenye giza mkono ukitikisika kidogo tu picha imeharibika. Muhula uliopita tulipewa nusu saa katika kanisa moja. Jua lilitoka tulipokuwa tunafunga mabegi.

Hivyo, Mheshimiwa, maombi yetu ni mawili: stendi mbili za kamera, na barua yako ya kutuombea siku nzima kanisani, asubuhi hadi jioni, mabenchi yakiwa yamesogezwa. Kuyarudisha tutayarudisha wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.