Mwache alie

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe.

Jana usiku uliponipigia nilikuwa nachambua maharage. Ulipomaliza kuuliza nikakwambia mtandao unakatakata, nitakutafuta kesho. Mtandao haukuwa na neno. Swali lile niliwahi kuulizwa mimi, miaka 28 iliyopita, nikalijibu upesi na kwa majivuno, na deni la jibu lile ukaja kulilipa wewe. Jambo hilo si la kusemwa kwa simu huku mume wako akipita nyuma yako na sufuria. Nimeona nikuandikie.

Umesema wazee wa kamati walikutazama tumbo, kisha uso, halafu mmoja akakuuliza kwa upole kabisa: "Sasa mtumishi, mtoto akilia katikati ya ibada, utafanyaje?" Ukaomba muda wa kufikiri. Sasa unaniuliza kama uahirishe kubarikiwa kuwa mchungaji mpaka mtoto aanze kutembea.

Mimi sikuomba muda. Ilikuwa Agosti 1997, una miezi sita tumboni mwangu, nimeketi kwenye kiti cha mbao mbele ya wazee saba. Swali lilikuwa hilo hilo, karibu neno kwa neno. Nikajibu: "Hatalia."

Wakacheka, wakapitisha jina langu.

Ili uelewe kwa nini nilijibu hivyo, rudi nyuma nami kidogo. Mwaka 1990, Kanisa letu la Kilutheri lilipoamua kwamba wanawake wanaweza kubarikiwa kuwa wachungaji, nilikuwa parishi woka kijana, mhudumu wa usharika asiye mchungaji, nimetoka chuo cha Biblia cha Mwika juzi tu. Walikuwapo dada zetu waliosoma theolojia chuo cha Makumira, darasa moja na wanaume, mtihani mmoja. Walipomaliza, wanaume walivishwa kola, wao wakapewa kufundisha kipaimara na Shule ya Jumapili. Uamuzi ule uliiachia kila dayosisi ianze kwa wakati wake. Wa kwanza walibarikiwa 1991, kwingine wakangoja miaka mingi. Kwa hiyo ilipofika zamu yangu, kila mmoja wetu alijua anaangaliwa. Mchungaji mwanaume akichelewa ibadani, amechelewa yeye. Mmoja wetu akichelewa, wanawake wamechelewa. Hata jina la kutuita lilikuwa halijapatikana: "mama mchungaji" alikuwa tayari ni mke wa mchungaji, na baba yako wakaanza kumwita baba mchungaji, akaitika kwa heshima zote.

Sisemi haya ili kujitetea. Nataka ujue nilikuwa na hofu ya aina gani. Niliamini nimebeba mlango mzima wa kanisa mabegani, na kwamba ukilia wewe, mlango utafungwa kwa wote wanaokuja nyuma yangu. Mtu mwenye hofu hiyo huweza kumwekea ahadi mtoto ambaye hajazaliwa.

Ulizaliwa Novemba. Bibi yako alitaka nikae ndani miezi mitatu kama ilivyo desturi ya kwetu, ninywe mtori, nisishike jembe wala kapu. Nilikaa wiki sita. Mwanzoni mwa 1998 nikabarikiwa, nikapangiwa usharika wa huku tambarare, vumbi na upepo, na wewe ukiwa mgongoni.

Sasa nifike kwenye Pasaka ya mwaka ule. Hujawahi kuisikia hadithi hii, wala baba yako haijui yote.

Kanisa lilikuwa limejaa hadi nje chini ya miti. Nilikunyonyesha alfajiri, nikakuacha sakristia, chumba cha kuvalia kanzu, na binti wa jirani, mlango nikaurudishia. Tulipofika kwenye Meza ya Bwana ukaamka. Ukalia. Sauti yako ilipita juu ya kwaya. Nilikuwa nimeshika mkate, nasoma yale maneno, twaeni mle, huu ndio mwili wangu uliotolewa kwa ajili yenu, na maziwa yakasikia sauti yako yakaanza kushuka. Nilikuwa nimejifunga vipande vya kitenge ndani, havikutosha. Kanzu ilikuwa nyeupe, lakini unyevu huonekana hata kwenye nyeupe. Mwili wangu ulishakwenda kwako, miguu ikabaki madhabahuni. Mzee wa kanisa aliyekuwa karibu akanong'ona, "Mchungaji, mtoto." Nikafanya kama sikusikia. Nikaendelea, safu moja baada ya nyingine, sijui dakika ngapi.

Halafu ukanyamaza ghafla. Nikamshukuru Mungu.

Ibada ilipokwisha nilikukuta mikononi mwa mama mmoja wa Umoja wa Wanawake, muuza nyanya pale sokoni, ambaye naye alikuwa ananyonyesha. Alikuwa ameinuka kwenye benchi lake, akaiacha safu ya Meza ya Bwana, akaingia sakristia akakupa ziwa lake. Ulikuwa umelala, mdomo umelegea, jasho kwenye paji la uso.

Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, zama hizi mtu hanyonyeshi mtoto wa mwenzake. Mwaka 1998, mwanangu. Kila mtu alijua maneno hayo yana maana gani. UKIMWI ulikuwa unazika nyumba hadi nyumba, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli, lakini siyo iliyonisemesha. Kilichonisemesha ni aibu. Yeye alifanya mbele ya watu kile nilichokataa kufanya mimi. Alikurudisha mikononi mwangu, akafunga khanga yake, akasema "Samahani, mchungaji," akatoka. Ushirika Mtakatifu wa Pasaka ile hakuupata.

Nilimzika 2011. Nilisimama kaburini nikawaambia watu kwamba alikuwa Mkristo mwaminifu, mhudhuriaji mzuri, mtoaji wa sadaka. Sikusema kwamba alimnyonyesha mwanangu. Miaka 13 nilikuwa nikinunua nyanya zake na sikuwahi kumwomba msamaha.

Baada ya Pasaka ile ulianza kukaa kwa bibi kila Jumapili na kila palipokuwa na mkutano mkubwa. Ukakua mtoto mtulivu. Watu walikusifu. Wageni wa dayosisi walikaa sebuleni kwa muda wa saa tatu na hawakujua kama kuna mtoto chumbani. Nilizipokea sifa hizo kama taji. Mpaka ile Jumamosi ulipoanguka kwenye mwembe wa nyuma ya kanisa, una miaka sita. Nilikuwa kwenye kikao cha Baraza la Wazee. Tulipotoka nikakukuta umeketi kwenye benchi nje ya ofisi, mkono wa kushoto umeupakata kwa wa kulia, midomo imepauka. Mfupa ulikuwa umevunjika. Ulikuwa umekaa pale zaidi ya saa nzima. Nikakuuliza, mbona hukuniita? Ukanijibu: "Ulikuwa na kikao."

Hukutoa chozi hata tulipofika hospitali. Daktari akasema mtoto huyu jasiri. Mimi nilijua siyo ujasiri. Lilikuwa jibu langu la 1997, limekua, limefika umri wa kwenda shule, limeketi kwenye benchi linanisubiri.

Nimesoma Maandiko miaka mingi tangu siku ile nikitafuta mahali Mungu anapomwambia mtoto anyamaze. Sijapaona. Nimeona Kutoka sura ya 2: mama yake Musa alimficha miezi mitatu, na ilipofika hawezi kumficha tena akamweka kwenye kisafina kati ya majani ya mto. Binti Farao akakifungua, na kumbe mtoto analia, akamhurumia. Soma tena hapo taratibu. Huruma iliingia kwa njia ya kilio. Kisha dada yake akatokea, mama akaitwa, akalipwa mshahara kumnyonyesha mtoto wake mwenyewe. Ukombozi wa taifa zima ulipita kwenye mlio wa mtoto wa miezi mitatu, na mimi wangu nilimfungia sakristia.

Halafu kuna Hana. Tunamhubiri sana kwa kumtoa Samweli, na akina mama wengi wameumizwa na mahubiri hayo, nami nimeyahubiri. Tunairuka aya iliyotangulia. Elkana na nyumba yake yote walipopanda kwenda Shilo kutoa dhabihu ya mwaka, Hana alikataa kwenda. Alisema atabaki mpaka mtoto aachishwe ziwa. Hiyo ilikuwa ibada kuu ya familia, na nadhiri yake mwenyewe ilikuwa inamngoja huko huko. Mumewe akamwambia, fanya uonavyo vema. Mungu hakumkemea. Alibaki nyumbani akanyonyesha, na nadhiri haikuvunjika.

Kwa hiyo swali lako la kuahirisha, nalijibu hivi: usiahirishe wito, omba likizo. Hivyo ni vitu viwili, na kuna watu watataka uvione kimoja. Sheria ya ajira ya 2004 inampa mama siku 84 za uzazi zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ukirudi kazini, una haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Siku 84 ni karibu sawa na ile miezi mitatu ambayo bibi yako aliijua bila kusomewa sheria. Omba kwa maandishi, weka nakala. Usiombe kama mtu anayeomba radhi. Na usirudi wiki ya sita ili uonekane una bidii, maana utakaowafurahisha watasahau, na mwili wako hautasahau. Mgongo wangu mpaka leo unaniambia habari za 1998.

Na mbele ya kamati, wakikuuliza tena, sema: "Atalia. Nami nitamchukua." Usiongeze neno. Kama ni lazima usimamishe mahubiri, simamisha. Kama uko kwenye Meza ya Bwana, mwambie mzee wa kanisa amlete. Nimeshamwona mchungaji mmoja kijana akibariki mkate huku kitoto kimefungwa mgongoni kwa khanga, na hakuna mtu aliyepungukiwa na baraka. Mimi nilikuwa nimeketi benchi la tatu. Nililia, jirani yangu akadhani nimefiwa.

Muulize pia mume wako mbele yao, kama yupo. Usiku ule nilipomweleza baba yako niliyoulizwa, alinyamaza kidogo akasema, "Mtoto ni wangu pia, mbona mimi hawakuniita?" Nilicheka. Sikuona kwamba alikuwa anazungumza kwa uchungu. Angekubeba yeye, mwanangu. Alikuwa anafua nepi zako mtoni mchana kweupe wanaume wenzake wakimtazama. Mimi ndiye sikumruhusu akubebe kanisani, nikiogopa watu wataniona mke wa namna gani.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu wazee wale. Usiwachukie. Mzee aliyeniuliza mimi alikuwa na watoto wanane na sidhani kama aliwahi kujua nani aliwanyamazisha. Swali lake lilikuwa swali la mtu asiyejua. Lingejibiwa kweli lingemfundisha. Mimi nilimnyima hilo fundisho, na waliokuja nyuma yangu wakaulizwa tena, mpaka leo umeulizwa wewe.

Wito wako siutilii shaka hata kidogo. Nilikuona ukiwafundisha watoto wa kipaimara likizo ile, wamekuzunguka chini ya mwembe ule ule, na yule mvulana mwenye kigugumizi akasoma Ungamo la Imani lote mpaka mwisho kwa sababu ulikaa kimya ukamngoja. Nikajua. Wewe unajua kumngoja mtu. Na inaniuma kwamba ulijifunzia kwenye benchi la ofisi yangu.

Ndani ya bahasha utakuta jani la isale. Nimelikata leo asubuhi mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, pale kwenye mstari aliopanda babu yako, nadhani litakuwa limenyauka likifika. Huko Dar es Salaam mume wako anaweza kuuliza ni jani gani, mweleze. Mweleze kwamba kwetu Uchagani aliyekosa hupeleka isale kwa aliyemkosea. Mara nyingi hupelekwa kwa mkubwa. Mimi nalileta kwako, na kwa yule mama wa nyanya nimepeleka jingine leo, nimeliweka juu ya kaburi lake.

Nimeshazungumza na mwinjilisti, atashika ibada zangu za mwezi mzima utakapojifungua. Ndizi za mtori nitakata hapa hapa, za huko sokoni kwenu hazina ladha. Nitakuja na basi la alfajiri, usihangaike kunipokea stendi, mtume baba mtoto. Usiku mtoto akilia, uniamshe mimi kwanza.

Mama yako