Barua ya Mwalimu Mkuu kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula

Ndugu Wazazi na Walezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA, MAONYESHO YA ROBOTI NA VIHISI VILIVYOCHEZEWA

Nawasalimu nyote. Muhula umekwisha salama, mitihani ilifanyika kwa utulivu, na ripoti ya kila mwanafunzi imeambatanishwa na barua hii. Mwenye swali kuhusu alama za mwanawe aonane na mwalimu wa darasa. Mniwie radhi nikipita hapo haraka, kwani jambo lililotupa fahari kubwa muhula huu, na jambo lililoniudhi kuliko mengine yote, yametokea pamoja katika chama cha roboti.

Mliohudhuria maonyesho mlijionea wenyewe roboti zikizunguka ukumbini na kukwepa viti na miguu ya wageni bila kuongozwa na mtu. Zinategemea vihisi vya infraredi. Kijitaa cha LED hutoa miale yenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 940, ambayo jicho la binadamu haliioni, na kando yake hukaa fotodiodi inayopokea miale inayorudi baada ya kugonga kitu. Baadhi yenu mlishuku kwamba kijitaa hicho hakiwaki kabisa, mpaka wanafunzi walipokielekezea kamera ya simu na mkaona doa la zambarau likimeta kwenye kioo.

Hamkuiona kazi iliyotangulia siku ile, nami sitaki isahaulike. Mwanzoni roboti zilikuwa zikijigonga kwenye makabati meusi kana kwamba hayapo, kwa sababu rangi hiyo ilikuwa ikimeza sehemu kubwa ya miale, ilhali ukuta mweupe zilianza kuukimbia zikiwa bado mbali nao. Karibu na dirisha lenye jua hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani jua lenyewe limejaa infraredi na huizidi nguvu miale ya kijitaa kidogo. Wanafunzi waliandika programu inayopima mara mbili, kwanza kijitaa kikiwa kimezimwa na mara moja baadaye kikiwa kimewashwa, kisha inatoa kipimo cha kwanza katika cha pili ili ibaki miale ya roboti yenyewe. Ni hesabu ya kutoa tu, lakini walifika hapo baada ya kubishana kwa hoja na vipimo, na ubishi wa namna hiyo naupenda.

Kisha ikagundulika kwamba miale ilikuwa ikivuja kutoka kwenye kijitaa na kuingia moja kwa moja katika fotodiodi, hata mbele kukiwa hakuna kitu. Waliivika fotodiodi mrija mweusi wa plastiki, wakashangaa kuona vipimo havishuki. Binti mmoja, mdogo kuliko wote katika chama, aliuchukua mrija ule, akauziba upande mmoja kwa kipande cha plastiki ileile, akauvika kwenye kichwa cha rimoti ya televisheni, na televisheni ikawaka kama kawaida. Plastiki ile, ingawa ni nyeusi machoni, ilikuwa ikipitisha infraredi. Waliizungushia karatasi ya alumini na vipimo vikatulia. Nimekuwa mwalimu kwa muda mrefu, na sijaona mara nyingi swali likijibiwa kwa usafi wa namna ile.

Kundi la pili lilitumia kihisi cha Sharp GP2Y0A21, ambacho hukadiria umbali kwa pembe ya mwale unaorudi na hufanya kazi kati ya sentimita 10 na 80. Kitu kikisogea karibu zaidi ya sentimita 10, volti zake, ambazo kwa kawaida hupanda kadiri kitu kinavyokaribia, huanza kushuka tena, na roboti hudhani kwamba ukuta uliokaribia kuigusa uko mbali. Walikihamishia kihisi nyuma ya roboti, kikitazama mbele, ili pua ya roboti iufikie ukuta kabla kihisi hakijaingia katika eneo hilo la udanganyifu.

Sasa nije kwenye lile lililoniudhi. Vihisi vya kundi la kwanza vina skrubu ndogo ya potenshometa inayopanga ni miale kiasi gani ihesabiwe kuwa kizuizi. Jioni ya kuamkia maonyesho, baada ya kazi yote kukaguliwa, wanafunzi kadhaa waliingia katika chumba cha chama na bisibisi, wakazizungusha skrubu hizo. Asubuhi roboti moja ilikuwa ikijizungusha palepale kwa kuwa iliona vizuizi pande zote, na nyingine ilikuwa ikienda kasi kuelekea ukutani kwa kuwa haikuona chochote. Wenzao walikosa chai ya asubuhi wakipanga upya kila kihisi chini ya taa zilezile za ukumbi.

Wahusika wamekiri. Mzazi mmoja alifika ofisini kwangu na kusema kwamba huo ulikuwa utani wa watoto na kwamba hakuna kilichovunjika. Sikubaliani naye. Mtu anayejua ni skrubu ipi ya kugusa, na aigeuze upande upi ili roboti ya mwenzake ipofuke, hakufanya utani; alitumia elimu tuliyompa kuharibu kazi ya mwingine, tena wakati ambao haikuwa rahisi kugundulika. Wanafunzi hao hawataingia katika chama muhula ujao wote, na hawatapokelewa darasani siku ya kufungua mpaka wafike na mzazi au mlezi. Dada, kaka au jirani hatakubaliwa.

Aidha, vihisi kadhaa viliondoka na mikoba ya wanafunzi kwenda nyumbani. Kagueni mikoba hiyo kabla ya kuifua, na kila kilichopatikana kirudishwe siku ya kufungua. Mchango wa vifaa vya chama nao bado haujalipwa na familia nyingi, zikiwemo baadhi zilizokaa viti vya mbele na kupiga makofi kwa nguvu kuliko wengine. Mwanafunzi ambaye mchango wake haujakamilika hatapewa kihisi kipya.

Sare ni zilezile. Likizo njema.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu