Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2024

Wamama na wababa wa chama, na ninyi vijana,

Mwaka huu komite ilikutana kwa ajili ya kompteri, yaani mita za umeme, zaidi kuliko nguzo zilizoanguka, kwa hiyo nitabaki hapo.

Mnakumbuka Novemba. Kompteri ya kashipawa, ile ya kulipia umeme kwanza kwa kuingiza tokeni, yaani namba ya tarakimu 20, ilihesabu tarehe ya kila tokeni kwa dakika tangu Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Isiyobadilishwa ingekataa tokeni mpya. Ikabidi tuingize mistari miwili ya tarakimu 20 kabla ya kuingiza umeme wenyewe. Waliotanguliza umeme walikataliwa, wakamjia mtunza hazina wetu, ambaye hauzi umeme. Vijana waliopita kwa wazee wasioona vizuri tarakimu, komite inawashukuru sana.

Mistari ile ilibadilisha ufunguo wa siri, wa tarakimu, ulio ndani ya kompteri. Ufunguo huo ndio unaoifunga kwa muuzaji mmoja, na kwa njia hiyohiyo yaweza kuhamishiwa kwa mwingine bila kung'olewa ukutani.

Uingereza walilijua hilo kwa hasara. Kompteri zao za kwanza zenye kutuma vipimo kwa mtandao wa simu zilielewana na kampuni iliyozifunga tu. Ukihama, kompteri inakuwa bubu, unarudi kusoma namba mwenyewe. Mwaka 2019 walianza kuzihamishia kwenye mtandao mmoja wa kampuni ya DCC, unaotumiwa na wauzaji wote. Kazi hiyo hufanyika kwa mbali, fundi habishi hodi.

Hapa Goma, baada ya sheria ya Kongo ya 2014 kufungua soko la umeme, SNEL, shirika la umeme la serikali, haiko peke yake: kuna kampuni za Virunga Energies, Socodee, Nuru. Ila mwanachama wetu mmoja alipohama, kompteri ya zamani ilimbakia ukutani kama saa mbovu, naye akalipia kuunganishwa upya. Wengine mlitaka tudai mtandao kama wa Waingereza. Mimi naona ni mapema: kila muuzaji ana waya zake, na ufunguo hauhamishi waya. Tumeomba kwa barua kidogo tu, kwamba anayehama apewe orodha ya manunuzi yake, na kompteri iliyo nzima ipimwe kabla ya kukataliwa. Jibu limerudi moja, la kusema barua imefika.

Hesabu za michango atazisoma mtunza hazina.

Wenye nyumba zilizokuwa zimefungwa tangu Novemba, msitupe kompteri. Mistari ile miwili bado inakubalika. Leteni namba ya kompteri kwa katibu kabla ya kununua umeme.