Barua ya wazi kwa Rais wa CAF: Zanzibar haiombi kura, inaomba mechi

Kwako Dkt. Patrice Motsepe,
Rais wa Shirikisho la Soka Afrika (CAF)

Mheshimiwa Rais,

Pokea salamu kutoka Unguja, pamoja na za ndugu zetu wa Pemba. Nakuandikia kuhusu Zanzibar Heroes, timu ambayo huwezi kuikuta kwenye droo yoyote ya AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, iwe ya kufuzu au ya fainali. Timu hii ina shirikisho lake, ina ligi yake, imewahi kuwa bingwa wa Afrika Mashariki na Kati, na nyuma yake wapo watu 1,889,773 kwa hesabu ya sensa ya 2022. Kinachokosekana ni mashindano ya kucheza.

Kumbukumbu za ofisi yako zina tarehe mbili ambazo sisi hatuzisahau. Tarehe 16 Machi 2017, Mkutano Mkuu wa CAF uliokaa Addis Ababa uliipa Zanzibar uanachama kamili, ikawa mwanachama wa 55. TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ilituunga mkono, na huku visiwani watu walipongezana kama siku ya Idi. Tarehe 21 Julai mwaka huo huo, mkutano mwingine ukakaa Rabat, na aliyekuwa Rais wa CAF wakati ule, Ahmad Ahmad, akatangaza kwamba uanachama umefutwa. Alieleza kwamba Zanzibar haikupaswa kupokewa tangu mwanzo, kwa sababu CAF haiwezi kuwa na vyama viwili kutoka nchi moja, na nchi ni ile inayotambulika Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Tulikaa ndani kwa miezi minne tu.

Uamuzi ule si wako. Wewe uliingia madarakani Machi 2021, ukachaguliwa tena Machi 2025. Mlango huu hukuufunga wewe, kwa hiyo huna sababu ya kuutetea, na ndiyo maana nimeona nikuandikie wewe.

Naomba nikueleze walichofanya vijana wetu miezi mitano baada ya Rabat, maana huenda hakuna aliyekusimulia. Disemba 2017 walikwenda Kenya kwenye Kombe la Chalenji, mashindano ya timu za taifa za Afrika Mashariki na Kati. Kocha alikuwa Hemed Suleiman, ambaye sisi tunamwita Hemed Morocco. Waliifunga Rwanda 3-1, wakaifunga Tanzania Bara 2-1, wakatoka sare na wenyeji Kenya. Libya iliwafunga moja, lakini walishavuka. Nusu fainali ilichezwa Kisumu, na huko wakawavua ubingwa Uganda kwa mabao 2-1. Fainali ikawa Machakos, tarehe 17.

Mtaani kwetu siku hiyo TV ilitolewa nje, waya ukapitishwa dirishani, ikawekwa barazani juu ya meza. Muuza kahawa aliacha kuzunguka, akaketi chini na birika lake, vikombe havijaoshwa. Kenya walifunga mapema, na mpaka zilipobaki dakika chache mpira uishe bado tulikuwa nyuma. Ndipo Khamis Mussa Makame akasawazisha. Muda wa nyongeza Kenya wakatangulia tena, na kabla watu hawajamaliza kushika vichwa, Makame akasawazisha tena. Tulikuja kufungwa kwa mikwaju ya penalti, 3-2. Wazee waliokuwa pale walikuwa wanaukumbuka ubingwa wa Chalenji wa 1995 kule Uganda, na bado walisema hawajawahi kuiona Zanzibar ikicheza vile.

Timu yoyote changa barani, ikifanya hivyo Disemba, inakuwa na pa kwenda. Machi kuna mechi za kufuzu, Juni kuna nyingine, kocha anajua ni nani amwite tena na nani amwache. Kikosi kile kilirudi nyumbani, kikapokewa kwa shangwe, kikatawanyika. Hakukuwa na mechi ya mashindano iliyokisubiri. Wewe umekuwa mmiliki wa Mamelodi Sundowns, unajua mchezaji asiyecheza anakuwaje. Basi fikiria timu nzima ya taifa iliyo katika hali hiyo mwaka baada ya mwaka.

Vipaji havikupotea, vilihamia. Mudathir Yahya na Feisal Salum walikuwa kwenye kikosi kile, na wote wawili wamekuwa nguzo za Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania. Hemed huyo huyo ndiye aliyeifikisha Taifa Stars robo fainali ya CHAN 2024, mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani. Tunajivunia hilo kwa dhati, Taifa Stars ni timu yetu pia. Lakini kwenye kikosi cha Taifa Stars wanaingia Wazanzibari wachache kwa wakati mmoja. Beki wa kulia wa Chake Chake ambaye ni wa tatu kwa ubora nchini hatacheza mechi ya kimataifa maishani mwake, wakati mwenzake wa kiwango hicho hicho aliyezaliwa Moroni anacheza na Tunisia.

Nimeitaja Moroni kwa makusudi. Komoro ni jirani zetu na damu zetu. Familia nyingi za Unguja zina wajomba na shangazi Ngazija. Idadi yao haifiki hata nusu ya yetu, ni chini ya milioni moja. Waliingia FIFA mwaka 2005, na miaka ya mwanzo walikuwa wakifungwa tu. Wakaendelea kupangiwa mechi, wakaendelea kufungwa, wakaendelea kujifunza. Januari 2022 walicheza AFCON yao ya kwanza kule Cameroon, wakaitoa Ghana kwa kuifunga 3-2. Hatua iliyofuata walikutana na wenyeji bila golikipa hata mmoja wa kucheza, kwa maradhi ya Uviko na majeraha, wakamsimamisha golini beki, Chaker Alhadhur. Dakika ya saba nahodha akatolewa kwa kadi nyekundu. Wakafungwa 2-1 tu, na bao lao lilikuwa frikiki ya Youssouf M'Changama ambayo mpaka leo vijana wa huku wanaiigiza ufukweni maji yakitoka. Cape Verde wana watu kama nusu milioni, nao wamefuzu Kombe la Dunia la 2026. Hakuna kati yao aliyezaliwa hodari. Walipewa ratiba.

Sasa nije kwenye hoja ya sheria, maana najua ndiyo itakayowekwa mezani kwako. Sidai kwamba Zanzibar leo ni dola yenye kiti Umoja wa Mataifa. Ilikuwa nacho, kuanzia 16 Disemba 1963 hadi ilipoungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili 1964, na hatukuandikii kudai kirudishwe. Barua hii haihusu Muungano. Lakini katika huo huo Muungano, mambo ya pamoja yameorodheshwa kwenye Katiba ya Jamhuri, na michezo haimo. Zanzibar ina wizara yake inayosimamia michezo, ina shirikisho lake la soka, ZFF, ina bingwa wake. TFF haiendeshi soka la Zanzibar na haijawahi kuliendesha.

Na CAF inalijua hilo kwa vitendo, Mheshimiwa. Kila msimu bingwa wa Zanzibar anaingia Ligi ya Mabingwa Afrika, na mwenzake anaingia Kombe la Shirikisho. Hawaingii kwa nafasi za Tanzania Bara, wanaingia kwa nafasi za Zanzibar. Malindi ilifika nusu fainali ya Kombe la CAF mwaka 1995, na hakuna aliyeuliza kama Malindi ni klabu ya nchi huru. Kwa hiyo vyama viwili kutoka nchi moja tayari vinashiriki mashindano yenu. Kilichozuiliwa ni timu ya taifa peke yake.

Hata uwanja wetu mnautumia. Mei 2025 mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na RS Berkane, ilichezwa Amaan. Agosti mwaka huo CHAN ikaleta kundi zima hapa: Senegal, Nigeria, Sudan na Congo. Nilikuwa jukwaani Sudan ilipoifunga Nigeria 4-0. Watu wetu waliishangilia Sudan kama timu ya mtaani kwao, wakijua kwamba vita imewanyima wale vijana uwanja wa nyumbani. Pembeni mwa uwanja walikuwa watoto waokota mipira, wamevaa fulana zilizowazidi, wakikimbia kurudisha mipira kwa wachezaji wa Nigeria, wengine wakiukanyaga kwanza mara moja au mbili kabla ya kuurusha. Niliwaangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyoangalia mechi. Mashindano yale ya CAF yalikuwa hatua tano kutoka walipokaa, na hakuna njia hata moja ya kuyafikia kwa jina la kwao.

Wenzetu wa mabara mengine walilikuta tatizo hili wakatafuta namna. Guadeloupe na Martinique ni sehemu za Ufaransa. Si wanachama wa FIFA, hawana kiti Umoja wa Mataifa. CONCACAF, shirikisho la soka la Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibi, iliwaruhusu kucheza Kombe la Dhahabu hata hivyo, na mwaka 2007 Guadeloupe ikafika nusu fainali, ikafungwa na Mexico bao moja tu. Kikosi kile kilikuwa na Jocelyn Angloma, mtu aliyewahi kuichezea Ufaransa. Ufaransa haikuvunjika, wala Ufaransa haikuacha kuita wachezaji wenye asili ya visiwa vile.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo kuliko lile la 2017. Zanzibar ipewe haki ya kucheza mechi za kufuzu AFCON, za wakubwa, za vijana na za wanawake, bila kura katika Mkutano Mkuu na bila kugusa uwakilishi wa Tanzania FIFA. Kura ndiyo inayowatia watu hofu, maana kila mwanachama mpya hubadilisha hesabu za uchaguzi, na najua yapo maeneo mengine barani ambayo serikali zao hazitaki kusikia mfano wa namna hii. Basi kura ibaki kando. Anayeogopa mfano atakuwa na jibu: ruhusa hii hutolewa pale tu ambapo chama cha nchi husika na serikali yake wamekubali kwa maandishi. Kwetu sisi TFF ilishakubali mara moja.

Liko jambo gumu, na sitaki kulipita. Feisal Salum achezee nani? Paspoti ni moja, na Taifa Stars inamhitaji. Pendekezo langu ni kwamba kila kinyang'anyiro cha AFCON kinapoanza, mchezaji aandikishwe upande mmoja na abaki huko mpaka fainali ziishe, wakati mechi za Kombe la Dunia zikiendelea kuwa za Taifa Stars kama zilivyo. Itaiuma Taifa Stars? Mwanzoni, pengine ndiyo. Nadhani pia kwamba wachezaji wetu wengi nyota wangebaki Taifa Stars kwa miaka kadhaa, na Heroes ingejengwa na wale ambao leo hawaitwi popote. Hilo linatutosha. Tuko tayari kufungwa na Mali sita kwa moja na kurudi wiki inayofuata kujaribu tena.

Utaambiwa pia kwamba soka letu lina migogoro. Ni kweli, viongozi wetu waliwahi kupelekana mahakamani na ligi ikayumba. Sijui ni chama gani barani kisichokuwa na historia ya namna hiyo, na vingi vyao vilikuwa vinacheza AFCON wakati vinagombana.

Wakati huo huo hata kile kidogo tulichokuwa nacho kimepungua. Chalenji ya wakubwa, iliyokuwa ndiyo mashindano yetu, imekuwa ya kubahatisha tangu ile ya Uganda 2019. Klabu hazilazimiki kumwachia mchezaji aje Heroes, kwa sababu mechi zetu hazimo kwenye kalenda ya FIFA. Januari 2025 serikali yetu iligeuza Kombe la Mapinduzi kuwa la timu za taifa, likachezwa Gombani, Pemba, na Zanzibar ikaifunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali. Burkina Faso hao hao hucheza AFCON mara kwa mara. Sisi tuliwafunga kwenye kombe ambalo tulilazimika kulitengeneza wenyewe.

Fainali za 2027 zimepewa Kenya, Uganda na Tanzania. Kabla ya hapo CAF itakaa tena kwenye Mkutano Mkuu. Nakuomba mambo matatu: suala la Zanzibar liingizwe kwenye ajenda kwa sura hii ya ushiriki bila kura, kamati yako ya sheria ije Unguja na Pemba, ikae na ZFF, TFF na serikali zote mbili kwa pamoja, wasikilizwe wote chumba kimoja, na jibu litolewe kwa maandishi, hata kama ni la kukataa, likieleza ni kifungu gani kinachoruhusu klabu ya Zanzibar na kuikataa timu ya Zanzibar.

Ukija mwenyewe, njoo siku ya ligi. Tutakukatia tiketi.

Wako katika soka,
Mshabiki wa Zanzibar Heroes,
Unguja