Barua ya wazi kwa Seneta wa Kisumu: kabla ya kuomba zamu, tuitazame Komoro

Mheshimiwa Seneta,

Nakusalimu kutoka Nyalenda. Nilifundisha historia na uraia miaka mingi kabla ya kustaafu, na siku hizi jioni zangu hupita kijiweni, pale wazee na vijana wanapogombea gazeti moja. Uchaguzi ukikaribia, neno moja hurudi: zamu. Tangu uhuru Kenya imepata marais watano, na sisi wa kando ya ziwa hatujamtoa hata mmoja. Kwa nini basi Katiba isiandike kwamba urais utazunguka, kila eneo lipate siku yake?

Dai hilo ni langu pia. Niliona moshi wa maduka ya Kisumu baada ya uchaguzi wa 2007, na sitaki wajukuu wangu wauone. Ndiyo maana nakuomba, kabla hujalibeba hadi Seneti, uitazame nchi iliyokwisha kulijaribu.

Komoro iko baharini kati ya Msumbiji na Madagaska. Visiwa vyake vitatu, Ngazija, Nzwani na Mwali, ukiviweka pamoja havifikii ukubwa wa kaunti yetu. Watu wake hawafiki milioni moja, ilhali sensa ya 2019 ilituhesabu sisi 1,155,574. Karibu wote ni Waislamu, na lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Ungedhani watu wachache hivyo, wa dini moja na lugha moja, hawana cha kugombania.

Lakini kila kisiwa kina shida yake. Ngazija ina mji mkuu, Moroni, chini ya mlima wa volkano wa Karthala wenye mita 2,361. Haina mito ya kudumu, kwa kuwa mawe ya volkano hunyonya mvua yote, na watu hukinga maji ya paa. Nzwani ina watu wengi waliobanana kwenye miteremko, na ardhi haiwatoshi. Mwali ni kisiwa kidogo kuliko vyote, nacho husahaulika upesi. Kisiwa cha nne, Maore, kilibaki chini ya Ufaransa wenzake walipojitangazia uhuru Julai 1975. Watu wa Nzwani hukiona ng'ambo ya maji na huvuka usiku kwa vijiboti kutafuta kazi na hospitali. Wengi wamezama.

Uhuru ule haukutimiza hata miezi miwili kabla ya serikali kupinduliwa, na mapinduzi yakaendelea, mengine yakiongozwa na mamluki kutoka Ulaya. Mwaka 1997 Nzwani na Mwali vilijitangaza kujitenga, vikilalamika kwamba Moroni inakula peke yake. Mheshimiwa, lalamiko hilo unalijua. Tumelisema sisi kuhusu Nairobi, kwa maneno yaleyale.

Mwaka 2001 wakakubaliana huko Fomboni, mji wa Mwali, na Katiba mpya ikaweka zamu. Uchaguzi ulifanywa hivi: duru ya kwanza ilipigwa katika kisiwa chenye zamu peke yake, watatu walioongoza wakavuka, kisha nchi nzima ikamchagua mmoja wao. Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Mtu wa Nzwani hakuteuliwa na wakubwa wa Moroni. Alitoka kwao kwanza, ndipo akaomba kura kwa wengine. Azali Assoumani wa Ngazija akaongoza kuanzia 2002, akafuata Ahmed Abdallah Sambi wa Nzwani mwaka 2006, kisha Ikililou Dhoinine wa Mwali mwaka 2011. Kile kisiwa kidogo kikatoa rais! Mwaka 2016 zamu ikarudi Ngazija, na Azali akachaguliwa tena.

Zamu ya Nzwani ingefika 2021. Haikufika. Aprili 2018 Mahakama ya Katiba ilisimamishwa kwa amri ya rais, na Julai ikaitishwa kura ya maoni ambayo upinzani uliisusia. Katiba ikabadilishwa ili rais aweze kukaa mihula miwili mfululizo kabla ya zamu kuhama. Oktoba mwaka huohuo kukawa na mapigano katika mji mkongwe wa Mutsamudu, huko Nzwani. Azali alishinda 2019, akashinda tena 2024.

Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu kijiweni wanaodhani kazi itaisha tukishaandika zamu. Wakomoro waliiandika. Kilichokosekana ni haki ya anayesubiri kukataa. Zamu ilipoahirishwa, kisiwa kilichoinuka kwenye kiti na kile kinachokikalia vilipiga kura sanduku moja na kisiwa kilichokuwa kikisubiri.

Katiba yetu, Kifungu cha 255, inataka kura ya maoni ili kubadili muhula wa rais. Ni ulinzi, ila Komoro nayo ilipiga kura ya maoni. Ukiletewa mswada wa zamu, naomba udai ndani yake mambo haya: zamu isiguswe kabla mzunguko haujaisha, badiliko lolote lisimnufaishe aliye madarakani, na eneo linalofuata lipige kura yake peke yake, likikataa liwe limekataa.

Udai pia watuambie urais utazunguka kwa kaunti au kwa maeneo makubwa zaidi. Tukienda kwa kaunti 47, muhula mmoja mmoja, mzunguko ni miaka 235. Tukienda kwa yale maeneo manane ya mikoa ya zamani ni miaka 40, na hapo Kisumu itakaa ukumbi mmoja na Kisii, Migori, Homa Bay, Siaya na Nyamira kuulizana nani atangulie. Mazungumzo hayo hatujayaanza, na wewe ndiwe unayeweza kuyaitisha.

Kijiwe chetu kiko wazi kuanzia saa kumi na moja jioni. Nitakuja na ramani ya Komoro.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Nyalenda, Kisumu