Kwako, ukiwa wodini na shemeji

Mpendwa rafiki yangu,

Ujumbe wako nimeusoma alfajiri na usingizi haukurudi tena. Pole sana. Nakijua kile kiti cha nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, kila mlango ukifunguka moyo unaruka. Nilikikalia siku 23 kwa ajili ya kaka yangu, aliyechanika mshipa wa kichwani kama shemeji.

Unauliza mbona shemeji hapewi dawa za kuzuia damu kuganda, na mgonjwa mwenzake aliyechanika mshipa wa shingo anapewa. Ukuta wa mshipa una tabaka tatu. La ndani likichanika, damu hujipenyeza humo ukutani. Shingoni mara nyingi hubaki humohumo, na hofu kubwa ni bonge la damu kukatika na kwenda kuziba ubongoni, ndiyo sababu ya dawa hizo. Lakini mshipa ukishaingia ndani ya fuvu, ganda lake la nje ni jembamba zaidi. Likipasuka, damu humwagika kuuzunguka ubongo. Shemeji yuko upande huo, mshipa wake umepasukia ndani ya fuvu, na dawa ile ingemzidishia uvujaji.

Ndiyo maana walimkimbiza kutibiwa usiku uleule. Mshipa wa namna hii huweza kuvuja tena, hasa katika saa 24 za mwanzo, na uvujaji wa pili ni muuaji. Kaka alipitishiwa mrija mwembamba kutoka kwenye kinena hadi kichwani, wakajaza koili, yaani nyuzi laini za chuma zilizosokotwa, pale palipochanika, wakauziba mshipa kabisa. Nilishtuka mno. Daktari akanionyesha kwenye picha kwamba mishipa inayopanda nyuma ya shingo ni miwili na huungana huko juu, kwa hiyo wa pili ukiwa mzima waweza kubeba kazi. Pasipowezekana kuziba, huweka stenti, yaani kijibomba cha wavu ndani ya mshipa.

Sasa nisikilize vizuri. Kaka alifumbua macho siku ya 2, akaniita kwa jina, nikapiga simu nyumbani tukashangilia. Siku ya 7 maneno yake yakaanza kutoungana, mkono wa kulia ukalegea. Mishipa ilikuwa imejibana, jambo linalotokea zaidi kati ya siku ya 4 na ya 14. Zile dawa za nimodipini ambazo shemeji anaamshiwa kila baada ya saa 4, kwa siku 21, ni za kumkinga na hilo. Ukiona usemi wake umebadilika hata kidogo, mwite nesi hapohapo, usione haya.

Na ule mrija mwingine, unaotoka kichwani mwa shemeji hadi kwenye mfuko, usikutishe. Damu huziba njia ya maji ya ubongo, nao unayatoa. Nesi wetu alikuwa akiufunga kila kitanda kikiinuliwa, anaupanga upya kwa usawa wa sikio, ndipo anaufungua. Maji yalianza mekundu kama damu yenyewe, yakawa ya waridi, kisha manjano hafifu.

Unasema shemeji alifika akiongea. Hilo lishike, maana hali ya mtu anapofika huashiria mengi. Ila hata akipona, jiandae. Kaka anatembea na anakula mwenyewe, lakini anachoka saa nne asubuhi, na kelele humliza. Mwanzoni nilimwita mvivu. Naumia hadi leo nikikumbuka uso wake.

Kesho jioni nakuja. Usiku nitakaa mimi, wewe ukalale. Kwa sasa niambie tu, maji ya kwenye mfuko leo yana rangi gani?

Wako daima.