Hawakuicheka kura, Mwalimu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwalimu mstaafu wa Tudor ambaye barua yake mliichapisha majuma machache yaliyopita. Nianze kwa kukiri kwamba niliisoma kwa bahati tu. Mimi ni muuza viazi karai hapa Bakarani, Kisauni, na magazeti yaliyokwisha kusomwa huyanunua kwa kilo nikafungia viazi. Karatasi nilikuwa nishaikunja, kiazi cha kwanza kishaingia, ndipo nikaona neno "Bakarani". Nikakitoa kiazi, nikasoma, mteja akangoja. Msinikasirikie. Gazeti likifika kwangu huwa lishasomwa na wenyewe, mimi nalipatia maisha ya pili.

Mwalimu anasema alipita jioni moja karibu na kibanda cha video mtaani kwetu, akasikia vijana wakiangua vicheko kwa filamu ya Kimarekani ya mambo ya uchaguzi. Kwa vicheko hivyo akakata shauri kwamba kizazi hiki kimeifanya kura kuwa mzaha, na kwamba ndiyo sababu Mombasa watu hawatoki kwenda kupiga kura.

Mwalimu alipita. Mimi nilikuwepo mwanzo hadi mwisho. Karai langu liko mlangoni pa kibanda hicho, hatua tatu tu kutoka kwa mkata tikiti, na pazia la mlango likisogezwa kidogo naiona picha yote ukutani. Siku za mpira sipati hata nafasi ya kuinua macho, lakini usiku ule hapakuwa na mechi. Kiingilio kilikuwa shilingi ishirini na watu walijaa hadi wengine wakakalia kreti za soda.

Filamu yenyewe inaitwa Swing Vote, ya mwaka 2008, na mchezaji wake mkuu ni Kevin Costner. Anaigiza baba mmoja aitwaye Bud, mlevi, kazi imemponyoka, anaishi na bintiye wa miaka kumi na miwili katika kimji cha Texico, jimbo la New Mexico. Mwenye kibanda ana mpwa wake anayeshika maikrofoni akafasiri, na huyo kijana hafasiri bure bure, hutia na nazi. Texico akaifanya Mackinnon Road, kimji kilicho kando ya barabara ya Nairobi, maana vumbi ni lile lile. Baa akaifanya mangwe, kilabu cha mnazi. Basi tangu dakika ya tano watu wakawa wanatazama baba wanayemjua.

Kicheko cha kwanza kikubwa kilitoka kwa wanawake. Binti anamwamsha babake kumekucha zamani, baba hajitambui, binti ndiye anayeendesha nyumba. Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Huyo mbona namjua, yuko kwangu!" Kibanda kizima kikacheka. Niulize, Mwalimu, hapo kura imedharauliwa vipi?

Siku ya uchaguzi inafika. Binti amemwahidisha babake kwamba atakuja kupiga kura. Anamngoja nje ya kituo, jua linazama, baba haji. Hapo ndipo nilipotamani ungekuwa umesimama nilipo mimi. Hakuna aliyecheka. Kulikuwa na kijana wa bodaboda aliyenunua viazi vya hamsini akasimama palepale mlangoni kula. Kiazi kilikuwa mkononi, mdomo wazi, ukwaju ukamchirizika kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko na asijue. Hata mfasiri alinyamaza. Wengi mle ndani wamewahi kuwa yule mtoto, wakamngoja mtu mahali, jua likazama.

Binti akaona isiwe taabu. Akajipenyeza ndani, akaghushi saini ya babake, akasimama mbele ya mashine ya kupigia kura ampigie yeye. Kwa bahati mbaya mwanamke wa usafi, katika kufagia kwake, akachomoa waya. Mashine ikazima kabla mtoto hajachagua. Hapo sasa ndipo kibanda kilipopasuka. Sauti moja ikapaa, "Fungueni seva!" wakaitikia wote, "Fungueni seva!" Nadhani hiki ndicho kicheko kilichokufikia wewe barabarani, maana mabati yalitikisika. Sasa mtu asiyekumbuka mwaka 2017, uchaguzi wa tarehe 8 Agosti kufutwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba, na wimbo wa upinzani wa kutaka seva, yaani kompyuta za tume zenye matokeo, zifunguliwe, tulioimbiwa wiki nenda wiki rudi, hawezi kucheka hapo. Utani ule hauna maana kwa mtu asiyefuatilia uchaguzi. Vijana hao walikuwa wakifuatilia kuliko tunavyodhani.

Katika hadithi, kura za jimbo zinalingana sawasawa, na urais wa Marekani nzima unangojea ile kura moja iliyokwama. Bud anapewa siku kumi apige upya. Mfasiri aliposema "siku kumi", mzee wa kahawa, ambaye kwa kawaida huja kuuza na kuondoka, akajibu kutoka mlangoni, "Kumi? Sisi hapa tuliwekwa ishirini!"

Aliwakumbusha jambo ambalo nafikiri wasomaji wa bara wamelisahau. Mwaka 2022 Wakenya walipiga kura tarehe 9 Agosti, lakini sisi Mombasa, pamoja na Kakamega, hatukumchagua gavana siku hiyo kwa sababu karatasi zilikuja na picha za wagombea zilizokosewa. Tukaambiwa tarehe 23, halafu tukaambiwa tarehe 29. Mimi nilikuwa karani katika kituo kimoja, kazi ya siku chache, na tarehe 9 nilishinda nikiwaeleza watu waliokuja kwa sababu ya gavana tu kwamba gavana leo hayupo. Wapo walioniangalia kama kwamba nimemficha mimi.

Hizo siku ishirini, mtaa ulikuwa na magari ya vipaza sauti kuanzia asubuhi hadi karibu na isha. Waliokuwa hawajawahi kulijua jina la kichochoro chetu wakawa wanalitaja. Kwa hiyo wagombea wawili wa kwenye filamu walipoanza kumwinamia Bud, hakuna aliyehitaji mfasiri. Rais anampakia kwenye ndege yake. Mpinzani anamfanyia karamu na kumrudishia wanamuziki wenzake wa zamani. Bud akitamka neno moja mbele ya waandishi, kesho yake mmoja anageuka mtetezi wa mazingira. Akilalamika juu ya wageni kuchukua kazi, mwingine, ambaye chama chake kilikuwa upande wa wahamiaji, anatoa tangazo la kuwakaripia. Vijana walicheka hadi wengine wakalala chini. Jirani yangu wa mabuyu akaniambia, "Hawa wameigiza wetu." Nikamwambia wetu bado, hawa angalau wanabadilisha sera, wetu hubadilisha chama.

Hicho ndicho walichokicheka, Mwalimu. Mwenye kuinama ndiye aliyechekwa. Karatasi ya kura haikuchekwa hata mara moja, na mimi nilikuwa nikisikiliza kwa makusudi kwa sababu ya ile kazi yangu ya ukarani.

Na kingine. Filamu hii ilitoka Agosti 2008. Fikiria ingeletwa hapa mwaka huohuo, miezi michache tu baada ya zile ghasia zilizotupata kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007. Nani angecheka? Mimi Januari ile niliwasha jiko siku mbili tu, siku nyingine zote tulijifungia ndani tukisikiliza redio kwa sauti ya chini, na jirani tuliyeishi naye miaka kumi na mmoja akahamia kwa ndugu zake bila kuaga. Leo watoto waliokuwa wamejificha chini ya vitanda wakati ule wamekaa kwenye kreti za soda wakicheka uchaguzi wa watu wengine. Mimi kicheko hicho nilikipokea kwa mikono miwili.

Uliandika pia kwamba kisa chenyewe ni uongo mtupu, kwamba hakuna kura moja inayoweza kuamua. Urais wa nchi nzima kwa kura ya mtu mmoja, hapo nakubaliana nawe, ni chumvi ya sinema. Lakini si uongo wa kutoka hewani. Jimbo hilohilo la New Mexico, mwaka 2000, mshindi wa kura za urais alimpita mwenzake kwa kura 366, watu wa kujaza kibanda chetu mara chache tu. Na Virginia, katika uchaguzi wa bunge la jimbo mwaka 2017, wagombea wawili walihesabiwa kura 11,608 kila mmoja, mshindi akapatikana kwa jina kuchopolewa kwenye bakuli. Hata mfasiri wetu asingethubutu kutunga hiyo.

Sasa nije kwenye kelele halisi, ambazo hukuzisikia kwa kuwa zilitokea karibu saa tano usiku. Filamu ikafika mwisho. Bud, akiwa ameshasoma barua za wananchi wenzake na ameshawauliza wagombea maswali yake, anaingia kupiga kura. Picha ikaisha. Hawakutuonyesha amempa nani.

Mhariri, nilidhani watavunja kibanda. "Rudisha nyuma!" "Imekatwa hii!" "Ishirini yangu!" Mwenye kibanda akaapa kwa Mungu mmoja kwamba hakuikata. Wakamgeukia mfasiri, wewe unajua Kiingereza, sema kampigia nani. Yule kijana, ambaye tangu saa mbili alikuwa na jibu la kila kitu, akaweka maikrofoni chini akasema, "Hajasema." Wakatoka nje wakibishana, wakanimalizia viazi vyote hadi vile vilivyovunjika, na asubuhi nilipokuja kufagia bado wawili walikuwa hapo wanabishana, mmoja anasema rais, mwingine anasema mpinzani.

Mimi nilimwelewa Bud. Nitaeleza kwa nini, kisha niachie hapo.

Tarehe 29 Agosti 2022, kituoni kwetu alikuja bibi mmoja wa buibui na leso begani, peke yake, hasomi. Sheria inaruhusu mtu kama huyo aje na msaidizi wake. Akija bila mtu, afisa msimamizi ndiye anayemsaidia, na mawakala wa wagombea wanakuwepo washuhudie. Yaani anatakiwa kulitamka jina mbele yao. Bibi akaitazama ile duara ya vijana wenye beji. Akamvuta afisa kwa mkono wa shati hadi sikio likafika usawa wa mdomo wake, akaifunika midomo kwa pembe ya leso, akanong'ona. Wakala mmoja akainama, akasema, "Bibi, hatukusikia." Bibi akashusha leso. "Si nyinyi mnaopiga," akamwambia, akainua kidole chake tayari kutiwa wino.

Mimi, niliyekuwa karibu, nililisikia jina. Sitalitaja, nimekula kiapo.

Mwalimu, wewe kwa umri wako unaukumbuka mlolongo wa 1988, watu kusimama nyuma ya picha ya mgombea mchana kweupe, wakahesabiwa kama mbuzi. Mimi nilikuwa mdogo. Ninachokumbuka ni babangu kurudi nyumbani siku hiyo na kukaa barazani bila kuvua viatu. Miaka mingi baadaye mama ndiye aliyenieleza. Msimamizi wa baba kazini alikuwa amesimama mbele kabisa kwenye foleni ya mtu ambaye baba hakumtaka, na baba alikuwa na watoto watano. Akaenda akasimama huko. Kwa hiyo mtu akiingia peke yake, na dunia nzima ikabaki nje ikiuliza, mimi sioni kuwa filamu imekatwa.

Kuhusu watu kutojitokeza, hapo una hoja, ila umemkamata asiye mwizi. Mwaka 2022 waliojiandikisha Mombasa walipita 640,000, na gavana akashinda kwa kura 119,083. Waliobaki nyumbani siku hiyo walikuwa wengi kuliko waliopiga. Wangetaka, wangemchagua gavana wao wenyewe na wakabakiwa na kura. Lakini kwenye foleni ya kituo changu niliona vijana wengi kuliko watu wa rika letu, na sababu niliyokuwa nikiisikia mtaani haikuwa mzaha. Watu walichoka. Ukimpangisha mtu foleni mara ya pili ndani ya mwezi mmoja, ameshapoteza kibarua cha siku moja tayari, usimlaumu kwa filamu.

Nilichofanya mimi ni kidogo. Wale waliokuwa wakibishana asubuhi nikawauliza kama wenyewe wameshajiandikisha kwa ajili ya 2027. Walikuwa wawili, akaongezeka wa bodaboda, wakawa watatu. Mmoja ndiye aliyekuwa amejiandikisha. Nikawaambia basi Bud ni mmoja hapa, nyinyi wengine ni wa kwenye kreti. Wakaniambia, "Mama Viazi, nawe ulimpigia nani?" Nikawauzia viazi.

Ijumaa hii filamu inaonyeshwa tena. Vijana wenyewe wameiomba, wana hakika mara hii wakikaa mbele wataona amemchagua nani. Mwalimu, njoo. Usipite tu barabarani. Nitakuwekea kiti cha plastiki, si kreti, na viazi vyako nitavitia kwenye sahani.

Mama Viazi,
Bakarani, Mombasa